Banda la Njiwa, Upepo na Tawakali

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe, banda la njiwa husimikwa juu ya nguzo ili paka na nyoka wasilifikie. Urefu huohuo hulikabidhi kwa upepo, na hapo huzuka swali la imani: anayelifunga banda kwa waya amepungukiwa na tawakali?

Hadithi mashuhuri aliyoipokea Tirmidhi inahusu mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Mtume alimwambia amfunge, kisha ategemee. Nguzo, basi, ichimbiwe hadi udongo mgumu na kushindiliwa mawe. Waya tatu zivutwe kutoka sakafu ya banda hadi kwenye vigingi vilivyopigwa mshazari. Paa lisitokeze mno, maana upepo hulinyanyua kwa chini. Banda likianguka baada ya hayo, ni kudra. Kuitaja kudra mbele ya nguzo iliyoliwa na mchwa ni kisingizio tu.

Swali zito zaidi ni la dhamana. Ndege wa porini hujichagulia tawi. Njiwa wa kufugwa huchaguliwa makazi na mfugaji. Hata ndege wa porini huweza kufikia kuwategemea watu: mashariki mwa Marekani, mbayuwayu aitwaye purple martin karibu hatagi tena ila katika nyumba za nguzoni anazojengewa na watu. Na anayetegemewa ana wajibu: fiqhi ya Kishafii, iliyoenea pwani yote ya Afrika Mashariki, humlazimisha mwenye mnyama kumlisha, au amuuze, au amchinje kama ni halali kuliwa. Makazi imara ni sehemu ya matunzo hayo, hasa banda likiwa na makinda yasiyoweza kuruka.