Uchokozi uko kwa nani?

Fimbo ndefu ni ndefu hata isipotazamwa na mtu. Neno la uchokozi haliko hivyo: likisemwa chumbani peke yake halimchokozi yeyote, na likimfikia mtu aliyezoea maskhara hupita kama salamu. Ndiyo maana wanafalsafa na wanasheria wamebishana kwa muda mrefu iwapo uchokozi umo ndani ya neno lenyewe, ndani ya nia ya msemaji, au ndani ya masikio ya msikiaji.

Kiswahili hakina kivumishi kimoja cha jambo hili, na kila kilichopo kinabeba hukumu yake. Anayeita maneno fulani kuwa chokozi amekwisha kuamua nani alianza. Anayeyaita ya kuudhi au ya kukera ameeleza hali ya msikiaji tu; nia ya msemaji hajaigusa. Dhihaka, kejeli na kebehi huhusu namna ya kusema, kwa kuwa hata ukweli mtupu unaweza kusemwa kwa kebehi. Anayesema hotuba ilikuwa ya kufikirisha, au ya kuamsha, ameshaisifu, ingawa jirani yake aliyeisikia hotuba hiyo hiyo aliondoka akiiita kashfa.

Uchochezi una sharti la ziada: lazima pawe na mtu wa tatu. Mchokozi humkabili anayemlenga, ilhali mchochezi huwasukuma wengine wamkabili. Kitenzi chake ni cha mekoni, kusogeza kuni ili moto uwake, na hapo ndipo utetezi wa kila mshtakiwa wa uchochezi unapotokea: moto aliukuta. Utetezi huo si wa kupuuzwa, lakini haujibu swali la nani alisogeza kuni.

Wanaodai kwamba nia ndiyo kila kitu wana ushahidi mzuri katika kanga. Maandishi yake yamechapwa kwa ajili ya maelfu ya wanunuzi na hayamtaji mtu. Lakini mwanamke akiivaa siku ya pili baada ya ugomvi, akapita nayo mara tatu mbele ya mlango wa jirani, mtaa mzima unajua kijembe kimerushwa. Aliyelengwa amebanwa: akijibu, amekiri kwamba maneno yamemfaa. Mipasho ya taarabu, hasa wakati wa ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano katika miaka ya 1990, ilistawi kwa ufundi huo huo. Hakuna neno chokozi hata moja, na uchokozi umejaa tele.

Epictetus, mwanafalsafa wa Kistoa aliyewahi kuwa mtumwa, aliweka lawama upande wa pili. Kwake tusi halimdhuru mtu. Kinachomdhuru ni maoni yake mwenyewe kwamba ametukanwa. Fundisho hilo linamfaa anayetukanwa. Likitoka kinywani mwa anayetukana, huwa tusi la pili.

Sheria imejaribu kushika njia ya kati. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, vifungu vya 201 na 202, huruhusu kosa la kuua kwa kukusudia lishuke kuwa kuua bila kukusudia iwapo muuaji alighadhibishwa ghafla na hakupata muda wa kupoa. Kipimo si hasira za mshtakiwa mwenyewe bali za mtu wa kawaida wa jamii yake, na kwa hiyo jambo moja linaweza kuwa uchokozi katika jamii moja na lisiwe uchokozi katika nyingine. Mwaka 1951, katika shauri la Galikuwa kutoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikataa kwamba imani ya uchawi peke yake yatosha: lazima pawe na kitendo cha uchokozi kilichofanywa mbele ya mshtakiwa.

Dini nazo hazimwachii msikiaji mzigo wote. Sura ya al-An'am katika Kurani, aya ya 108, inawakataza waumini kuwatukana wanaoabudiwa badala ya Mwenyezi Mungu. Masanamu hayakupewa heshima yoyote hapo. Sababu iliyotajwa ni kwamba wenye nayo watalipiza kwa kumtukana Mungu bila ujuzi. Msemaji, basi, anawajibika hata kwa kosa la mwingine analoweza kulitabiri. Agano Jipya linaonyesha upande mwingine. Neno la Kigiriki paroxysmos limetumika kwa mfarakano mkali wa Paulo na Barnaba (Matendo 15:39), na hilo hilo limetumika Waebrania 10:24, ambapo waumini wanatakiwa kutiana ari ya upendo na matendo mema. Msisimko ni ule ule. Lengo ndilo limebadilika.

Sokrate alidai lengo la namna hiyo katika kesi yake mwaka 399 KK. Kwa masimulizi ya Plato, alijifananisha na pange anayemuuma farasi mvivu ili aamke. Alipokwisha kutiwa hatiani aliulizwa anastahili adhabu gani, naye akapendekeza alishwe kwa gharama ya mji, kama walivyolishwa washindi wa Olimpia. Kwake hilo lilikuwa jibu sahihi kwa swali aliloulizwa, wala hakukusudia kumkejeli mtu. Mahakama ikamhukumu kifo.