Jina, Kitu na Mwanzo Wake

Mlima Oldeani, ulio kusini-magharibi mwa kreta ya Ngorongoro juu ya mashamba ya kahawa ya Karatu, umepata jina lake kutokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mianzi, kwa kuwa mianzi huota miteremkoni mwake. Hata hivyo mlima haukujitaja wenyewe, na anayelipokea jina hilo humwamini aliyelitoa. Katika Kitabu cha Mwanzo, Adamu ndiye anayewapa wanyama majina, ilhali katika Sura ya Al-Baqara ni Mwenyezi Mungu anayemfundisha Adamu majina. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia kumbukumbu na vifaa vya kompyuta, imo katika hali hiyo ya pili: hufundishwa.

Vipo vifaa ambavyo vikiulizwa hutoa namba ya mtengenezaji na ya aina yao, lakini saketi nyingi zilizomo ndani ya chipu za simu na za seva hazina ulimi huo, kwa hiyo programu dhibiti, ambayo hukaa kwenye ubao wenyewe na kuamka kabla ya mfumo endeshi, huikabidhi kerneli maelezo ya saketi hizo. Maelezo hayo huwa ama mti wa vifaa, wenye asili katika kanuni za Open Firmware za mwaka 1994, ama majedwali ya ACPI, yaliyotangazwa mwaka 1996. Kidhibiti kimoja cha mtandao cha kampuni ya Calxeda hutambulishwa kwa maneno "calxeda,hb-xgmac". Herufi moja ikikosewa, kiendeshi chake, yaani programu inayojua kukitumikisha kifaa hicho, hakitaitikia, ingawa umeme unapita na kifaa ni kizima.

Imani hiyo hupimwa zaidi pale kerneli ya Linux inapokikabidhi kifaa kwa mashine pepe, ambayo ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Mgeni huyo, yaani mashine pepe, akiondoka, kifaa huenda bado kimebeba mipangilio yake, hivyo sharti kiwekwe upya, yaani kirudishwe mwanzo. Kwa vifaa vya mti, kerneli hutafuta mbinu ya kuweka upya kwa kufuata jina. Kwa vifaa vya ACPI, tangu mwaka 2016, huiomba programu dhibiti itekeleze utaratibu uitwao _RST. Katika njia ya kwanza kerneli inaijua mbinu na kuliamini jina. Katika ya pili hata mbinu haiijui. Isipopata njia yoyote, kwa kawaida hukataa kukitoa kifaa, na kukataa huko ndiko uungwana wake mkubwa.

Bado lipo swali la huo mwanzo ni upi. Walowezi wa Kijerumani waliolima kahawa Oldeani walipoteza mashamba yao baada ya vita kuanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza ilipoyaweka chini ya msimamizi wa mali za adui. Mwenye shamba alibadilika, lakini mibuni ilibaki katika safu zilezile. Vivyo hivyo, kifaa kikiwekwa upya, rejista, yaani vihifadhi vidogo vya hali ya kifaa, hurudi kwenye thamani aliyoichagua mtengenezaji, ilhali kile ambacho mgeni amekiandika katika kumbukumbu ya kudumu ya kifaa huweza kusalia. Na _RST ikijibu kwamba kazi imekwisha, kerneli haina jicho la kuhakikisha.