Mali ya Amana ni ya Nani?

Mdhamini hushika mali asiyoruhusiwa kuifaidi. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, bodi ya wadhamini iliyosajiliwa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huwa mtu mbele ya sheria: ina lakiri yake, hushtaki na kushtakiwa, wala haifi wajumbe wake wakifa. Kikundi cha ngoma cha Mbeya na dayosisi ya Iringa huweza kupita mlango huo mmoja.

Sheria hujibu nani atie saini. Haijibu vya kutosha mali hiyo ni ya nani. Mtoaji ameshaiachia, kijana anayenufaika leo kesho atampisha mwingine, pengine ambaye hajazaliwa. Mafakihi wengi wa Kiislamu husema mali ya wakfu ni ya Mungu, na mutawalii, yaani msimamizi wa wakfu, ni mtunzaji tu. Wakristo huita kazi hiyo uwakili.

Neema Crafts ya Iringa, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa mikono. Katika kazi ya namna hiyo, iliyoanzishwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kuajiri mafundi wasio na ulemavu kungeweza kuharakisha mauzo, lakini kungeisaliti amana, hata hesabu zikiwa safi.

Ndiyo maana katiba ya mfuko wa amana hutaja kusudi kabla ya fedha, na mjumbe ambaye mwanawe ameomba ruzuku hutoka kikaoni ombi hilo linapojadiliwa.