Je, Kufyeka Makaburi ni Kuabudu Wafu?

Mwaka 1934 mkoloni aliwahamisha Talai kutoka huku kwetu Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Wengi walizikwa huko, mbali na kwao.

Juzi ndugu mmoja akaniuliza: "Pasta, mtu ameokoka, anaweza kweli kwenda kufyeka kaburi la orkoiyot?" Nilikaribia kusema hapana.

Lakini Nehemia alihuzunika mbele ya mfalme kwa sababu mji wa makaburi ya baba zake ulikuwa ukiwa (Neh. 2:3). Hakuyaabudu.

Nilisomea biashara: mdai akifa, deni halifi. Wafu hatuwaombi kitu. Sisi ndio tunadaiwa heshima, maana walidhulumiwa. Ukiitwa, nenda na panga, si pombe ya kumwagia mizimu. Amina.