Nafsi Mbili, Turubai Moja: Mandhari ya Idsowe na Suala la Kujitambua

Methali isemayo nyani haoni kundule inazua swali la kimaadili: je, msanii aweza kujitambua bila jicho la mwenzake? Ichukuliwe kwamba wachoraji wawili wa kike, Mpokomo na Muorma, wanachora pamoja ukingo wa mto Tana huko Idsowe, karibu na Garsen. Wa kwanza ataona shamba la migomba na miembe. Wa pili ataona malka, njia ya ng'ombe kuyafikia maji. Ukingo ni uleule. Kila mmoja, akichora peke yake, angedhani amechora mandhari tu, kumbe amejichora mwenyewe na kumfuta jirani. Katika turubai moja ufutaji huo hudhihirika. Suala hili si la ujumi pekee: mwaka 2012 mapigano ya wakulima na wafugaji katika delta ya Tana yaliua watu zaidi ya 100.

Yaweza kupingwa kwamba ushirikiano huzaa picha ya kupendeza isiyo na ukweli. Pingamizi hilo lina uzito iwapo mmoja atanyamazishwa. Tafakuri ya kweli haidai shamba na malka vipatane. Yadai kila mchoraji auache mkono wa mwenzake uonekane pale alipotamani kuufunika.