Tusi la Mgonjwa na Dua Yake

Mnamo Machi 1866 mshairi wa Kifaransa Charles Baudelaire, ambaye siha yake ilikuwa imekwisha kudhoofu, alianguka alipokuwa akizuru kanisa la Saint-Loup katika mji wa Namur, Ubelgiji, na haukupita muda mrefu upande wake wa kulia ukapooza, na ulimi uliozowea kupima neno kama sonara apimavyo dhahabu ukabakiwa na kipande kimoja cha kiapo, "Cré nom", ambacho kwa Kifaransa ni kukaribia kulikufuru jina la Mungu. Akapelekwa Brussels, katika hospitali iliyokuwa mikononi mwa masista wa Kikatoliki, nao, kwa kuwa kila walipomlisha, kumsafisha au kumwombea walijibiwa kwa kiapo kile kile, wakadhani ya kuwa wanauguza mkanushaji dini. Na husimuliwa kwamba alipokwisha kutoka walinyunyiza maji ya baraka chumbani mwake.

Si insafu kuwalaumu mno. Miaka 5 tu ilikuwa imepita tangu Paul Broca, tabibu wa Paris, alipobainisha mwaka 1861 habari za mgonjwa aliyeitwa Tan, kwa sababu silabi hiyo ndiyo pekee aliyoweza kuitamka, isipokuwa pale alipoghadhibika, ambapo kiapo kizima kilimtoka bila ya taabu. Ubongo wake ulikuwa umeharibika mbele, upande wa kushoto, ambako kwa watu wengi ndiko maneno yanakoundwa. Walakini maneno yaliyokwisha kukazwa na mazowea, kama vile salamu, hesabu ya moja hadi kumi, wimbo, sala na matusi, aghalabu husalimika, yakatoka yenyewe bila ya kuitwa, iwe mshipa uliziba au ulipasuka na kumwaga damu ubongoni.

Basi jambo hili limo hata katika nyumba zetu za pwani. Mzee ambaye shinikizo la damu limempasulia mshipa, asiyeweza hata kuomba maji, akianziwa Alhamdu huisoma mpaka mwisho, na wanawe hulia kwa furaha wakisema kwamba imani yake ingalipo. Asubuhi yake, anapogeuzwa ubavu ili shuka ibadilishwe, humtoka neno ambalo halijapata kusikiwa chini ya paa lile, na wanawe wale wale huinamisha nyuso na kusema, "Si yeye huyo, ni maradhi." Hapo ndipo penye mushkili, na mimi sioni njia ya kuukimbia: ikiwa tusi si lake kwa kuwa limetoka bila ya kusudi, ni kwa hoja gani Alhamdu, iliyotoka kwa mlango huo huo, tuihesabu kuwa ni yake?

Mafakihi hawakuyajua ya Broca, lakini wametuwekea misingi miwili. Wa kwanza ni ule mashuhuri, kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyelala hata aamke, kwa mtoto hata abaleghe, na kwa aliyepotewa na akili hata imrudie. Kwa msingi huo tusi, lililotoka bila ya kusudi, haliandikwi. Wa pili husahauliwa: Mtume amefundisha kwamba mja akiugua huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda katika uzima wake. Kwa maoni yangu mushkili umefunguka hapa, kwa maana Alhamdu ya mgonjwa haihitaji kupimwa kama ameikusudia au la, maadamu thawabu yake inatoka kwenye zile sala alizosimama kwa miguu yake. Wala aliyekuwa bubu kabisa kitandani hakupungukiwa kitu.

Mwuguzi wa wodini naye afanye kazi kwa daftari hilo la zamani, la mgonjwa alivyokuwa katika uzima wake. Awaulize jamaa mgonjwa aliitwaje nyumbani, na ni nani asiyependa auone utupu wake. Amwarifu kabla ya kumgusa, kwani wengi waliopotewa na usemi bado wanafahamu, na kumjadili mtu mbele ya macho yake kana kwamba ni samani ni dhulma. Akimwuliza, angoje jibu, ajue pia kwamba "ndiyo" na "siyo" zaweza kubadilishana ulimini. Binti anapoleta kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani, katika kikombe, amzuie kwa adabu, kwa maana koo lililopooza hupeleka maji mapafuni na kuleta nimonia, na mpaka kumeza kwake kupimwe hata tone ni khatari. Kombe hilo laweza kupakwa kifuani.

Limebaki la mwuguzi mwenyewe, aliyetukanwa usiku kucha huku akigeuza mwili mzito kila baada ya saa 2 ili usifanye vidonda. Kumwambia kwamba kalamu imeinuliwa ni kweli, lakini ni nusu ya kweli, kwa kuwa sharia hiyo hiyo, inapomwondolea dhambi mwendawazimu aliyevunja chombo cha jirani, haiondoi dhamana ya chombo. Hulipwa katika mali yake. Maumivu ya mwuguzi nayo yana dhamana, na maadamu mgonjwa hawezi kuilipa, iwawajibikie jamaa, ambao wamwombe radhi kwa niaba ya mzee wao badala ya kujifanya hawakusikia, na msimamizi wa wodi, ambaye usiku wa pili ampange mwuguzi huyo kwa mgonjwa mwingine.