Damu Nzito, Amana Nzito Zaidi



Ndugu msomaji, kuna hoja ninayoisikia hapa chuoni, hasa siku za uchaguzi wa viongozi na siku za kugawa fedha za mfuko wa kusaidiana. Mtu humpendelea wa kwao, na akiulizwa hujibu: "Ndivyo binadamu alivyoumbwa." Wanaosoma biolojia wameiongezea nguvu: ni mageuko, imo kwenye jeni, haina lawama. Mjadala wa kuumbwa kwa Nabii Adam (a.s.) siuingii leo. Nataka tuipime hoja hii tu, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Mwaka 1964 mwanabiolojia Mwingereza William Hamilton alionyesha kwa hesabu kwamba tabia ya kujitolea huweza kuenea ikiwa faida anayopata jamaa, ikizidishwa kwa kiwango cha udugu, inazidi hasara ya anayejitolea. Kwa ndugu wa baba na mama mmoja kiwango hicho ni nusu. Kwa mtoto wa ami ni thumuni. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliuita mvuto huu asabiyya: mtu huumia jamaa yake anapodhulumiwa, na nguvu hiyo huinua dola.

Lakini mvuto huohuo una upande wa pili. Hapa Uganda, huko Ngogo katika msitu wa Kibale, watafiti wamewafuatilia sokwe kwa miaka mingi. Madume wa kundi moja husafishana manyoya na kugawana nyama. Haohao hupanga mstari kimya kimya, wakaenda mpakani kuwaua sokwe wa kundi jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulieleza kwamba katika miaka 10 watafiti walishuhudia mauaji 18, na kundi likapanua eneo lake kwa takribani asilimia 22.

Basi, kama "ni maumbile" ni udhuru, ni udhuru wa yote mawili. Anayeutumia kumpa binamu yake cheo hana la kumjibu anayeutumia kumdhulumu jirani. Chanzo cha tabia hutueleza kwa nini tunavutwa, hakituelezi kama tufuate. Njaa nayo ni maumbile, na bado tunafunga Ramadhani.

Tusigeuke tukadai kwamba kupenda jamaa ni aibu. Kuunga udugu ni amri ya dini. La kuuliza ni moja: mali ni ya nani? Ukimlipia mdogo wako ada kutoka mfukoni mwako, umeunga udugu. Ukimlipia kutoka mfuko wa jumuiya ukamruka yatima aliyestahili, umefanya khiyana. Fiqhi imeliona hili: zaka yako huwapi wazazi wala watoto wako, maana kuwalisha ni wajibu wako tayari.

Tena mvuto huo hupanuka. Madina, Mtume (s.a.w.) aliwafunga undugu Muhajirina na Ansari. Saad bin Rabii akajitolea kumpa Abdulrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko. Hawakuwa wa ukoo mmoja wala mji mmoja.

Mtu atasema: hata undugu wa imani una mpaka wake. Ni kweli, na ndiyo maana uadilifu haukuwekewa mpaka huo. Tumeamrishwa kuwafanyia uadilifu hata tunaowachukia.

Kwa hiyo ukikaa kwenye kamati na jina la mtu wa kwenu likafika mezani, usijidai huvutwi. Utavutwa. Waambie wenzako kwamba huyu ni jamaa yangu, kisha toka nje, waamue wao.

Wallahu aalam.